Mtoto Aliyetazama Juu

Alipofika mlangoni mwa wodi yetu alikuwa angali na chaki kwenye kucha. Alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule moja upande wa Isecheno, na jana yake alikuwa amefundisha hadi saa sita, tumbo likiwa limeshuka na miguu imevimba, kwa sababu alitaka watoto wake wamalize herufi zote kabla hajaanza likizo ya uzazi. Aliniambia hayo huku akicheka, mkono mmoja ukiwa ukutani. Uchungu ulikuwa umemwanza alfajiri. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yametuama mbele ya lango.

Mimi ni mkunga. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili, yote katika hospitali ndogo upande wa Lurambi, ambako wauguzi huwajua wagonjwa hadi mama wakwe zao. Huyu nilimfahamu vizuri. Hakuwahi kukosa kliniki. Alipofikisha miezi saba tulimpiga picha kwa mashine ya ultrasaundi, na fundi akamgeuzia skrini ajionee. Mtoto alikuwa ameweka mkono usoni kama mtu anayejikinga na jua. Mama huyo akaomba achapishiwe ile picha aende nayo nyumbani. Karatasi ilikuwa imekwisha siku hiyo. Akasema si neno, ataishika kichwani.

Alikuja na mumewe na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa akiongoza wageni msituni, wale wanaokuja kutazama ndege na nyani, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kusema kwa sauti ya chini hata mahali pasipo na ndege wa kushtuliwa. Ilikubidi umwinamie ndipo umsikie. Mama yake alikuwa mzee mnene, mchangamfu, ambaye wodi nzima ilimwita kukhu, yaani nyanya, ingawa mjukuu wake wa kwanza alikuwa bado yumo tumboni. Alikuwa amebeba chupa ya uji na leso tatu mpya.

Nilimpima kwa vidole, kama nilivyokuwa nimewapima wanawake wengi kabla yake. Kwa asiyejua kazi yetu, vidole ndivyo humwambia mkunga njia imefunguka kiasi gani na kichwa cha mtoto kimefika wapi. Ukibahatika kuugusa utosi, ile sehemu laini ya kichwa, unajua pia mtoto ameelekea wapi. Mtoto anayetoka kwa urahisi huwa ameutazama mgongo wa mama yake. Akiwa ametazama juu, upande wa tumbo, kichwa hupita kwa shida, na wakati mwingine hakipiti kabisa. Vidole vyangu vilikuwa na sifa. Wenzangu wakiwa na shaka walikuwa wakiniita, nami nilikuwa nikienda nikiwa na furaha ambayo leo naiona haya.

Asubuhi hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Njia ilikuwa imefunguka sentimita nne na moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Nikamwambia atembee. Akatembea ukumbini na kukhu, wakienda na kurudi, kukhu akimsimulia jinsi alivyomzaa huyo mumewe shambani wakati wa kupalilia mahindi.

Saa sita mchana alikuwa amefika sentimita saba, lakini hakuwa anacheka tena. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, paji la uso likiwa kwenye mto, na kukhu alikuwa akimkanda kiuno kwa viganja vyote viwili. Nilipomgusa bega aligeuka akanishika mkono.

"Sista, si tumbo," akasema. "Ni mgongo. Kuna kitu kinasukuma mgongo kutoka ndani."

"Wa kwanza huwanga hivyo," nikamwambia. "Vumilia. Uko karibu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mara nyingi sana maishani mwangu kiasi kwamba hayakupita tena akilini kabla ya kutoka mdomoni. Maumivu ya mgongo ya namna ile yalipaswa kunifanya nitulie nifikiri. Nilifundishwa hivyo. Watoto wanaotazama juu huwaumiza mama zao mgongo. Lakini kulikuwa na wanawake wengine wawili wodini, mmoja wao alikuwa anatapika, na kichwa cha huyu nilikuwa nimekigusa mwenyewe nikaona kinashuka.

Saa nane njia ilikuwa wazi kabisa. Nilipompima vidole vyangu vilikutana na kitu karibu sana, chini kuliko nilivyotarajia, nami nikafurahi. Utosi sikuupata. Ngozi ya kichwa ilikuwa laini na nene, na nilipita juu yake bila kuhisi mahali mifupa inapokutana. Nikajiambia kwamba kichwa kimebanwa na nitauhisi baadaye. Kwenye chati nikaandika kwamba kichwa kimeshuka. Chati hiyo nimeiona tena mara kadhaa tangu siku ile, na mwandiko wangu hapo ni mzuri, hauna hata alama ya kusitasita.

Akaanza kusukuma. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, na juu ya mabati yetu ilikuwa na kelele, ikabidi nimwelekeze karibu na sikio. Alisukuma vizuri. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu wa kwao waliuliza kama alikuwa mvivu wa kusukuma, na nataka ijulikane kwamba sijaona mwanamke aliyejitahidi kuliko yeye. Saa nzima ikapita. Nilikuwa naona nywele kidogo, kisha hazisogei. Nikamgeuza ubavu, nikamsimamisha, nikamrudisha kitandani. Ndipo niliposikia moyo wa mtoto unapungua kasi, unarudi, unapungua tena na kuchelewa kurudi.

Nikamwita daktari. Alikuwa thieta anamshona mwanamke mwingine, akatuma neno kwamba anamaliza. Alipokuja, gauni likiwa bado limelowa mikononi, alimpima kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia na kusema aingizwe thieta mara moja. Lakini thieta ilikuwa ndiyo kwanza imetoka mtu, na ilibidi isafishwe na vifaa vingine vifunguliwe. Wakati wote huo nilikuwa nimekishikilia kifaa cha kusikilizia moyo juu ya tumbo lake. Nilisikia yale mapigo yakiachana, kama nyayo za mtu anayechoka njiani.

Walimlaza usingizi, na daktari akampasua haraka. Mimi ndiye niliyempokea mtoto. Alikuwa mvulana, mzima wa viungo vyote, mlegevu mikononi mwangu kama nguo iliyotoka majini. Tulimpulizia hewa, tukambonyeza kifua kwa vidole viwili, tukampulizia tena. Daktari alikuwa akishona huku akiuliza, "Vipi?" Nami niliendelea kubonyeza. Mara ya tatu hakuuliza. Muda mrefu ukapita ndipo alipokuja mwenyewe, akasikiliza kifua cha mtoto, akanishika kiwiko ili niache.

Kwenye kisogo cha yule mtoto kulikuwa na uvimbe mkubwa kama nusu ya chungwa. Daktari akaugusa.

"Alikuwa anatazama juu," akasema. "Kichwa chenyewe kilikuwa bado juu. Ulichogusa ni huu uvimbe."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata mahali pa kujishikilia.

Mumewe alikuwa ukumbini. Alikuwa amevua buti zake za msituni kwa sababu zilikuwa na matope, akaziacha nje ya mlango, na alikuwa amesimama kwa soksi juu ya sakafu baridi. Kukhu alikuwa ameketi kwenye benchi akiwa na zile leso tatu mapajani. Nilianza kama tunavyofundishwa kuanza, nikasema mama yuko salama. Yule bwana aliinamisha kichwa, akangoja sentensi ya pili. Nikasema mtoto hakuweza.

"Hakuweza nini?" akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini.

Nilitafuta neno lingine na sikulipata. Nikamwambia kwamba mtoto amefariki. Kukhu hakulia kwa sauti. Alizikunja zile leso, zilizokuwa tayari zimekunjwa, akazikunja zikawa ndogo zaidi, akaziweka chini ya benchi mahali ambapo mkwe wake hangeziona akipitishwa.

Mama alizinduka jioni, mvua ikiwa imeacha. Hakuna aliyemwambia. Alijipapasa tumbo kwa mkono, akatazama kando ya kitanda, akajua. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba anataka kumwona. Kukhu akamsihi asimwone, kwamba sura hiyo itamkaa machoni na hatapata usingizi tena. Yeye akasema aletwe. Nikamleta, nikiwa nimemfunga vizuri na kumfunika kichwa. Alimshika kwa muda, kisha akafunua kitambaa na kumpapasa pale kisogoni.

"Hapa paliuma?" akaniuliza.

Nikasema hapakuuma. Sijui kama nilisema kweli.

Kesho yake mumewe na wajomba wawili walikuja na sanduku dogo, wakamchukua mtoto. Alizikwa nyumbani kabla ya saa sita mchana, mama yake akiwa bado amelazwa kwetu na mshono mbichi. Siku ya tatu maziwa yakaja. Watu huwa hawafikirii jambo hilo. Mwili haujui kwamba mtoto hayupo, unaandaa chakula chake kwa wakati wake. Nilimkuta amekaa kitandani, gauni limelowa mbele, anajitazama. Nikamfunga kifua kwa kitambaa na kumpa dawa ya maumivu. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto anayelia, na kila alipolia gauni la mwalimu lilizidi kulowa. Nikamhamishia chumba cha peke yake mwishoni mwa wodi. Siku hiyo sikuwa na kingine cha kumpa.

Tulikaa kikao kusoma faili, kama kawaida mtu akifariki. Chati ikapita mkono hadi mkono. Walisema jambo kama hilo linaweza kumpata yeyote, kwamba uvimbe wa namna ile umewadanganya wakubwa wetu, kwamba thieta ingekuwa wazi labda angepona. Mwenzangu mmoja akasema ni mipango ya Mungu. Niliwashukuru wote. Hakuna aliyetaja mashine ya picha, kwa sababu hakuna aliyeiwazia.

Nilirudi kazini bila kukosa hata siku moja, lakini vidole vyangu sikuviamini tena. Nilikuwa nampima mama, natoka, nanawa, narudi kumwomba mwenzangu ampime pia.  Jumapili moja binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alikaa katikati ya magoti yangu nimsuke nywele. Nilipofika katikati ya kichwa vidole vikasimama. Nilikuwa natafuta mahali utosi wake ulipokuwa umefunga. Nilibonyeza polepole, nikaupapasa mfupa huku na huku, nikasahau kabisa kusuka. Akaniuliza kama nimeona chawa. Nikamwambia hapana, nikaendelea kusuka, na mistari ikatoka imepinda.

Mwaka uliofuata alikuja daktari mmoja, mama wa makamo, kutufundisha kwa siku tatu. Tuliambiwa ni mafunzo ya kutumia picha wakati mama yuko kwenye uchungu, ili kujua mtoto amelalaje na anashuka vipi. Nilidhani angekuja na mashine yake. Asubuhi ya kwanza aliuliza yetu iko wapi. Fundi wa kliniki akatoka na kurudi akisukuma kigari, na juu yake kulikuwa na ile ile tuliyoizoea, yenye skrini iliyokwaruzwa pembeni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye uchungu alikubali tujifunze kwake. Yule daktari akampaka jeli chini ya kitovu, akaweka kidude cha kupigia picha, akakisogeza kidogo. Skrini ikaonyesha duara mbili nyeusi, moja kando ya nyingine.

"Haya ni macho," akasema. "Mkiyaona hivi, mtoto amelala kifudifudi au chali?"

 Mimi nilijua ni chali.

Kisha akakivalisha kidude glavu, akakiweka kwa nje tu, katikati ya mapaja ya yule mama, bila kuingiza kitu ndani. Akatuonyesha mfupa wa mbele wa nyonga, akatuonyesha mviringo wa kichwa cha mtoto, akachora mstari kwenye kila kimoja na kupima pembe kati ya mistari hiyo miwili. Kichwa kinavyozidi kushuka, pembe hiyo inazidi kupanuka. Ukipima mara moja na kupima tena baada ya muda, unajua kama mtoto anasonga au amekwama. Akasema vidole ni vizuri na tusiviache, lakini ngozi ya kichwa ikivimba vidole hugusa uvimbe na kudhani ni kichwa, ilhali picha huonyesha mfupa wenyewe ulipo.

Nikamuuliza kama mashine inahitaji kuongezewa kitu ili ifanye hivyo. Akasema haihitaji kitu. Mnacho kila kitu, akasema, mlikuwa mnaitumia kwa wajawazito wa kliniki tu.

Niliomba ruhusa nikatoka. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa. Kutoka kitanda alichosukumia yule mwalimu hadi chumba cha kliniki ni mlango wa tatu. Siku ile alasiri, wakati nilipokuwa nampigia kelele sikioni asukume, kliniki ilikuwa imefungwa, fundi amekwenda nyumbani, na mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Ufunguo ulikuwa kwenye droo yangu.

Niliporudi darasani nilijifunza kama mtu anayekimbizwa. Nilijifunza kuliko wote. Baada ya miezi michache mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kupiga picha za uchungu. Nikahamisha ile mashine ikakaa wodini kila kliniki ilipofungwa. Kuna watoto waliofika salama kwa sababu hiyo, nawajua, wengine nawaona wakipita na mama zao. Lakini kila nilipoona macho mawili yananitazama kutoka kwenye skrini, kitu cha kwanza kunijia hakikuwa furaha ya kugundua.

Yule mwalimu alirudi karibu miaka miwili tangu siku ile. Nilimwona kwenye foleni ya kliniki, tumbo la miezi mitano, amekonda usoni. Nilitaka kujificha. Alipoingia akaketi mbele yangu, akasema amesikia wanaojifungua kwetu wanaweza kuchagua mkunga wakimkuta zamu, na yeye anataka niwe mimi. Nadhani aliona ninavyomtazama, kwa sababu aliongeza kitu ambacho sikukitarajia.

"Wewe ndiye uliyemshika," akasema. "Mbali na sisi hakuna mwingine anayemjua."

Uchungu ulipomwanza alikuja mapema, na mumewe peke yake. Kukhu alikuwa amebaki nyumbani. Alisingizia miguu, lakini mwanawe aliniambia aliogopa. Daktari akakubali ajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, tukimchunga kwa karibu kwa sababu ya kovu. Nilimpiga picha mara tu alipolala kitandani. Macho mawili. Nikapima pembe, nikaandika. Watoto wengi hugeuka wakiendelea kushuka, kwa hiyo nilingoja. Baada ya saa mbili macho yalikuwa pale pale, na pembe haijaongezeka hata kidogo, ingawa vidole vyangu vilikuwa vinaniambia kichwa kimeshuka. Sikuvisikiliza. Nikamwita daktari, nikamwonyesha skrini, naye hakuhitaji kumpima mara mbili. Tukaenda thieta moyo wa mtoto ukiwa bado unapiga sawasawa. Msichana akatolewa kabla ya saa sita, akalia kabla hata ya kufutwa. Mama yake alikuwa macho safari hii, amechomwa sindano ya mgongo tu. Alipousikia mlio huo aligeuza uso upande mwingine, akalia kwa muda mrefu kuliko mtoto.

Kesho yake mchana nilikuwa nambadilishia shuka. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwake. Akaniuliza, taratibu kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno yake asubuhi yote, kama huyu naye alikuwa anatazama juu.

"Ndiyo," nikasema.

"Kama yule."

"Kama yule."

"Na mliona kwa ile mashine. Mliinunua lini?"

Ningeweza kusema mwaka jana. Hakuna ambaye angenikanusha, na daktari wetu aliniambia baadaye kwamba ndivyo nilivyopaswa kufanya, kwamba ukweli mwingine hauna kazi kwa mgonjwa. Lakini nilikuwa nimemdanganya mara moja alipouliza kama pale kisogoni paliuma, au pengine nilimdanganya, na sikuweza tena.

"Ilikuwepo," nikamwambia. "Ndiyo ile uliyopigwa nayo picha ya miezi saba, ukamwona ameweka mkono usoni."

Akatazama kichwa cha mtoto kifuani mwake. Kisha akauliza kama siku ile pia ilikuwa hapo. Nikamwambia ilikuwa kliniki, mlango wa tatu, na kwamba hatukujua inaweza kutumika wakati wa uchungu. Nikamwambia ningejua ningekwenda kuichukua mbio. Nilitaka kuendelea kusema, lakini alinyanyua mkono kidogo kutoka mgongoni mwa mtoto, nikaacha. Akaniomba nivute pazia. Jioni muuguzi mkuu akaniambia yule mama ameomba mtu mwingine amsafishie kidonda. Alitoka hospitali siku ya nne, nami nilipofika zamu nilikuta kitanda kimetandikwa.

Nilikaa miezi miwili, kisha nikaenda kwao. Sikumwambia mtu kazini. Ni nyumba ya udongo iliyopakwa vizuri, karibu na mwanzo wa msitu, na mumewe alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akanisalimu, "Mulembe," akaniletea kiti nje, akaniambia mkewe anamnyonyesha mtoto, atatoka. Kisha akarudi kwenye majani yake. Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, niliona mahali palipozungushiwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa, na sikuhitaji kuuliza ni nini.

Mwalimu akatoka bila mtoto, akakaa kwenye benchi. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa sababu ya ile mashine. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno hayo njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine hamkujua," akasema. "Hilo nimelielewa. Mimi pia kuna mambo mengi nilifundisha watoto, kesho yake naambiwa yanafundishwa vingine." Akatazama mikono yake. "Lakini nilikuambia mgongo. Nilikuambia si tumbo, ni mgongo, kuna kitu kinasukuma. Hapo haikuhitajika mashine. Nilikuambia mwenyewe, na ukaniambia niko karibu."

Sikuwa nimefanya mazoezi ya kujibu hilo. Nikasema ni kweli. Nikasema nilisikia na sikusikiliza. Akatikisa kichwa, si kwa kunikatalia wala kunikubalia. Mtoto akalia ndani, akainuka akaingia, na hakutoka tena. Nilingoja hadi mumewe aliposema kwa upole kwamba mawingu yanajikusanya, afadhali anisindikize hadi barabarani. Njiani aliniambia kwamba mkewe hajarudi kufundisha tangu yule wa kwanza. Shule ilikuwa tayari kumpokea, lakini alisema hawezi kukaa na darasa la watoto ambao wake angekuwa anakaribia umri wao. Alinisimamishia boda akanipa mkono, akashika kidogo zaidi ya kawaida, akarudi.

Hawakuja tena kwetu. Nilisikia mtoto anapelekwa chanjo kwenye zahanati ya karibu na kwao. Tangu wakati huo mama akiniambia panapouma, nakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka amalize kueleza, hata kama kuna mwingine ananiita. Wenzangu wachanga huona nachelewesha kazi, na pengine ni kweli.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa siku ya soko mjini, nilikuwa nanunua mboga ya mrenda, naye akaja upande wa pili wa meza ile ile akiwa ameshika mkono wa msichana anayejifunza kutembea. Tukatazamana. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, nikamwuliza za kwake. Nikainama kumsalimu mtoto, lakini mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mwalimu akalipa mboga yake, akasema haya basi, akamwinua msichana mabegani, wakaingia kwenye umati wa watu.